Ubao Umetumika Kidogo

Mwezi uliopita niliuza ubao wangu wa kutelezea kwenye theluji pamoja na vifungio vyake, vile vinavyoshika buti kwenye ubao. Kwenye tangazo niliandika "umetumika kidogo", kama wanavyoandika wote, hata mwenye sofa iliyotafunwa na mbwa. Mimi lakini nilikuwa nasema kweli: siku kumi na moja katika misimu miwili. Mke wangu alisoma tangazo akacheka, akasema ningeandika "umetazamwa sana".

Wengi mnaijua snoubodi ile pana ya vijana, wenye buti laini na suruali zinazodondoka, wanaosimama ubavu-ubavu. Wangu haukuwa huo. Ulikuwa ubao wa kuchonga: urefu sentimita 171, kiuno sentimita 20 tu. Unasimama juu yake miguu yote miwili ikielekea mbele, ndani ya buti ngumu kama za skii, zimebanwa kwa vyuma. Ubao wa kawaida ukikata kona huwa unaburuza, theluji inaruka kama vumbi nyuma ya daladala. Huu unalalia makali yake, na kwa kuwa kiuno ni chembamba kuliko pua na mkia, makali yanafuata tao lake lenyewe bila kuteleza. Nyuma unaacha mstari mmoja mwembamba, kama umechorwa kwa ncha ya kisu. Kadiri unavyoulaza ndivyo tao linavyobana, hadi unakuta nyonga yako iko shubiri moja kutoka kwenye theluji na moyo uko kooni.

Nilifikaje huko? Nimezaliwa Marangu. Kibo tuliiona kila asubuhi kabla mawingu hayajaifunika, lakini theluji yake sikuwahi kuikanyaga. Aliyeikanyaga ni mzee wangu, mpagazi wa njia ya Marangu kwa miaka mingi, mzigo wa wageni kichwani. Mimi theluji nimeishika Colorado, ninakoishi sasa, mji wa Aurora, ubavuni mwa Denver. Siku mwenzangu wa kazini aliponipeleka Loveland, kituo cha skii huko milimani, mara ya kwanza, nilipiga hesabu: pale chini tu, panapoegeshwa magari, ni kama mita 3,290. Yaani, kwa kambi za njia ya Marangu, umeshapita Mandara, uko njiani kuelekea Horombo. Mzee alikuwa anapafikia hapo kwa siku mbili za jasho. Mimi nilifika kwa gari, nakula karanga.

Jioni nikampigia simu. Akauliza, "Mnapanda kufanya nini huko?" Nikamweleza kwamba tunapanda kwa kiti kinachovutwa na waya, tunashuka kwa ubao, halafu tunapanda tena. Akanyamaza kidogo. "Na anayewalipa ni nani?"

Nilianza na ubao wa kawaida, nikaanguka makalio hadi nikashindwa kukaa kazini. Halafu siku moja, nikiwa kwenye kiti cha lifti, nikamwona chini yangu mtu mmoja, mvi tupu, anashuka kwa matao makubwa, kulia, kushoto, kulia, mkono ukigusa theluji kama anayepapasa maji pembeni ya ngalawa. Hakutoa hata mlio. Nilijinyima mwaka mzima. Nikanunua ubao wa Donek, watengenezaji wadogo walioko Watkins, mashariki ya Denver, si mbali na kwangu, na vifungio vya Bomber. Buti nilizipata mtumba.

Kilichonishinda si ubao, ni saa. Ubao huu unataka mteremko uliosawazishwa na mashine usiku, wenye mistari mistari kama suruali ya kodrai, na unataka nafasi, maana mchongaji anakata njia nzima kutoka ukingo hadi ukingo. Kodrai hiyo inadumu saa moja, au moja na nusu ukibahatika. Ikifika saa nne asubuhi imechanikachanika, watoto wamejaa, na wewe na ubao wako mnageuka hatari kwa watu. Sasa mimi nalinda wazee usiku kwenye nyumba ya kuwatunza. Zamu ya Ijumaa inakwisha Jumamosi saa moja asubuhi. Na mtu yeyote wa Denver atakwambia I-70, barabara kuu ya kupanda milimani, inakuwaje Jumamosi saa moja asubuhi wakati wa baridi: taa nyekundu za breki hadi macho yanapoishia. Mara nyingi nilifika saa nne na nusu, nikautazama mlima, nikalaza kiti cha gari nikalala. Nimelipia maegesho ya kulala ghali kuliko gesti nyingi za Moshi mjini.

Basi Oktoba nikaamua. Oktoba ndiyo mwezi wenyewe. Watu wanaanza kuwashwa miguu, Loveland na jirani yake Arapahoe Basin wanashindana nani afungue kwanza. Ukingoja Aprili unauza kwa bei ya kuni.

Meseji zilikuja. Wa kwanza: "Bado upo?" Nikajibu upo, akatoweka, hajarudi mpaka leo. Wa pili aliuliza kama unafaa kwa kuruka na kuteleza kwenye vyuma. Nikamwambia ukiruka nao utarudi na vipande viwili, na kimoja kitakuwa goti lako. Wengine watatu walitaka kufunga buti laini. Mmoja akasema atatuma hundi ya pesa nyingi kuliko bei, mimi nikate changu, kinachozidi nimpe "msafirishaji". Ndugu zangu mlioingia Marekani juzi, huyo ni mwizi. Hundi itaonekana imeingia, siku chache baadaye benki itaikataa, na ulichompa msafirishaji kimekwenda. Na anayeomba umsomee namba iliyoingia kwenye simu yako, ati ahakikishe wewe ni mtu kweli, ni ukoo huohuo.

Bei ndiyo iliyonikosesha usingizi. Nilikuwa nataka dola 600. Lakini mimi nimefundishwa biashara Memorial, Moshi, kwenye mitumba, na pale ukitaka kumi unataja kumi na tano, mwenzako anataja saba, mnatukanana kidogo kwa upendo, mnakutana kumi. Nikaandika 750.

Akaja mzee mmoja, mwalimu mstaafu. Kabla ya yote aliuliza saizi ya mguu wangu, nikajua huyu anajua. Kwenye kiuno cha sentimita 20 mguu mkubwa unalazimika kuelekezwa mbele sana, la sivyo vidole vinaning'inia nje, ukilaza ubao vinagusa theluji, unang'oka. Mguu wake ni mdogo kuliko wangu.

Tulikutana Morrison, kwenye maegesho ambako watu huacha magari yao ili wapande moja kwenda milimani. Akauinua ubao usawa wa jicho, akauchungulia kutoka pua hadi mkia, kama seremala anavyokagua mbao ya mninga. Akapitisha kucha kwenye makali. Unga mweupe wa kucha ukabaki: makali bado yanakata. Akagonga kwa kifundo cha kidole huku na huko, akisikiliza kama tabaka zimeachana. Akachunguza matundu ya skrubu moja moja. Mkwaruzo mmoja wa jiwe karibu na mkia nilikuwa nimeshauonyesha kwenye picha, akaugusa tu.

"Siku ngapi?"

"Kumi na moja."

Akanitazama kwa huruma, kama nimemwambia nimefiwa. Akauliza nimetoka wapi. Niliposema Afrika Mashariki akachangamka: "Philip Boit!" Alikuwa amemwona kwenye televisheni mwaka 1998, Nagano, yule Mkenya wa skii aliyemaliza wa mwisho kilomita 10, na Bjørn Dæhlie, bingwa mwenyewe, akamsubiri kwenye mstari ili amkumbatie. Nikamweleza kuwa Boit ni Mkenya, mimi Mtanzania. Pongezi nikazipokea hata hivyo.

Halafu akatoa bahasha. 750 kamili. Hakusema hata "punguza kidogo". Nilisimama pale na pesa mkononi, uso umenipata moto, maana maneno yote niliyoyaandaa yalikuwa ya kupunguza. Nikafungua buti la gari, nikamtolea tupa ya makali, nta mbili za kupaka chini ya ubao, alenkii, na visahani vya digrii tatu na sita vya kuinamisha vifungio. Akauliza hivyo ni bei gani. Nikasema ni nyongeza. Akauliza nyongeza ya nini, Kiingereza kikanikauka.

Nyumbani mke wangu alikuwa anamenya ndizi. "Baba Neema, kakupunguza mpaka ngapi?"

"Hajapunguza."

Kisu kikasimama. "Yaani umemwibia mzee wa watu."

"Nimempa nta."

"Nta ngapi?"

"Mbili."

Akaendelea kumenya.