Kuinyamazisha alamu ya gari bila kukata king'ora: kumbukumbu ya mradi wangu

Jumanne usiku

Imelia saa 8:40. Nimebonyeza rimoti nikiwa dirishani, wapi. Nikashuka pekupeku, na mpaka nilipofika karibu kabisa na mlango wa gari ndipo iliponyamaza. Saa 10:15 ikaanza tena. Safari hii nilifungua boneti nikachomoa kichwa cha hasi cha betri, nikitegemea kimya. King'ora hakikukoma. Kumbe ni kile chenye betri yake ndogo ndani, kimetengenezwa hivyo makusudi ili mwizi akikata umeme wa gari kiendelee kupiga kelele. Ubavuni kina tundu la ufunguo mdogo. Ufunguo nimeukuta kwenye kisanduku cha dashibodi, umefungwa pamoja na kijitabu cha alamu. Nimeuzungusha, kimya kikarudi.

Jumatano

Asubuhi nimekutana na jirani wa ukuta kwa ukuta. "Kaka, mtoto alikuwa ndio kwanza amelala," akaniambia, kwa upole. Ana kichanga. Nimemwomba radhi, na neno lake nimetembea nalo siku nzima. Hii kazi nimeamua kuifanya mwenyewe, jioni kwa jioni, na kuandika kila hatua ili nisirudie kupima kitu kimoja mara mbili.

Watu watatu wamenipa ushauri uleule: kata waya za king'ora ulale. Sitaki. Alamu ikilia bila mwizi ina maana kuna kitu inakipata, na kukata king'ora ni kuliacha tatizo palepale huku gari likibaki bila mlinzi. Nimejaribu pia kuchomoa fyuzi ya alamu, king'ora kikiwa bado kimezimwa kwa ufunguo wake. Kelele haikuwepo, lakini stata, mota ya kuwashia injini, nayo haikuzunguka, kwa sababu alamu hii inapitisha waya wa stata kwenye relei yake (swichi inayoendeshwa kwa umeme). Fyuzi nimeirudisha.

Nimeanza na rahisi. Betri ya gari asubuhi kabla ya kuwasha: volti 12.5. Injini ikinguruma: 14.2. Iko salama. Niliipima kwanza kwa sababu betri iliyochoka husumbua baadhi ya alamu: umeme ukishuka ghafla, kompyuta yake hudhani mlango umefunguliwa na taa ya ndani imewaka. Betri ya rimoti, CR2032, inatakiwa kuwa na volti 3. Yangu ilikuwa na 2.5. Hiyo haikuwa sababu ya alamu kulia, ila ndiyo iliyonishusha ngazi pekupeku. Nimeweka mpya, sasa inasikia hata nikiwa kitandani.

Alhamisi na Ijumaa

Mshukiwa wa pili, sensa ya mtikisiko. Ni kiboksi kidogo chini ya dashibodi, kimefungwa kwenye chuma kwa mkanda wa plastiki, kina skrubu ya kuongeza na kupunguza usikivu. Mkanda ulikuwa umelegea, sensa ikicheza. Nimeukaza, nikapunguza usikivu robo mzunguko, nikajaribu kwa kupiga nguzo ya mlango kwa ubapa wa ngumi. Pigo dogo haliamshi, pigo la nguvu linaamsha. Ijumaa haikulia hata mara moja, nikaamini nimemaliza.

Jumamosi alfajiri

Saa 10:50 imelia. Hakuna upepo, hakuna gari lililopita. Nimezima kwa rimoti, nikavaa, nikashuka na tochi. Boneti ilikuwa imelowa umande kama imepakwa mafuta.

Hapa ndipo nilipokisoma kijitabu kwa utulivu, jambo nililotakiwa kulifanya tangu Jumatano. Kwenye alamu yangu, ukiizima baada ya kulia kisha ukafungua swichi ya gari, taa nyekundu ya dashibodi inapepesa kwa idadi: mara 2 ni mtikisiko, mara 3 ni mlango, mara 4 ni boneti. (Idadi hizi hutofautiana kati ya alamu na alamu, soma cha kwako.) Nimekaa kwenye kiti nikihesabu. Nne. Nikasubiri irudie. Nne.

Siku mbili nimehangaika na sensa isiyo na kosa.

Jumamosi mchana

Swichi ya boneti ni kitu kidogo: kijiti chenye springi, kimesimama pembeni mwa injini. Boneti ikifungwa inakikandamiza, mzunguko unakatika. Boneti ikifunguliwa kijiti kinapanda, waya unagusana na bodi ya gari, alamu inajua. Maana yake ni kwamba unyevu wowote ukipitisha umeme humo ndani wakati boneti imefungwa, alamu haina namna ya kujua kuwa si mtu.

Kabla ya kuifungua nilitaka ushahidi. Nimechomoa waya wake, nikaufunga ncha kwa utepe wa umeme. Kwa alamu, hiyo ni sawa na boneti iliyofungwa daima. Gari nimeliacha hivyo usiku wa Jumamosi na wa Jumapili, umande ukiwa uleule. Kimya siku zote mbili.

Jumatatu jioni

Nimeitoa swichi kwa spana namba 10. Kofia yake ya mpira imepasuka upande wa nyuma, ufa ambao huuoni mpaka uibonyeze kwa kidole. Ndani kuna tope jembamba na kutu ya kijani kuzunguka shaba. Nimekandamiza kijiti na kupima: ilitakiwa mita ya umeme isisome kitu, yenyewe ikaonyesha njia ya umeme, kiloomu chache (omu hupima kizuizi cha umeme: zikipungua, umeme unapita kwa urahisi zaidi). Nikadondosha tone moja la maji kwenye ufa. Namba ikaporomoka mbele ya macho yangu mpaka omu mia kadhaa. Nimelirudia jaribio mara tatu kwa raha ya kuiona ikishuka.

Sasa naelewa kwa nini ni usiku tu. Mchana joto la injini linaikausha. Usiku chuma kinapoa, unyevu unatulia juu yake, ukipenya kwenye ufa njia ya umeme inafunguka. Na naelewa ilianzaje: wiki mbili zilizopita nilisafisha injini kwa maji ya presha, nikapiga pembe ile ile kwa karibu. Sitarudia. Brashi na kitambaa vinatosha.

Jumanne

Swichi ile sikuisafisha. Mpira uliopasuka utapitisha maji tena hata shaba iking'aa. Nimeweka mpya. Chini yake nimekwangua kutu kwa msasa hadi chuma kitupu, maana inategemea bodi kwa umeme hasi, kisha nikapaka grisi kidogo pembeni kuzuia kutu mpya.

Kipimo cha urefu ndicho kilichonichukua muda. Kijiti kikiwa kifupi, boneti haikikandamizi vya kutosha na mtikisiko mdogo unatosha kukiachia. Nimeweka tonge la udongo wa kuchezea watoto kando yake, nikafunga boneti taratibu, nikafungua, nikapima unene uliobaki na kuutoa kwenye urefu wa kijiti. Mara ya kwanza kijiti kilikuwa kinashuka milimita 2 tu. Nimeinua kitako kwa washa kadhaa za chuma, sasa kinashuka 7.

Jumatatu iliyofuata

Usiku wa saba. Mvua imenyesha mara mbili, na boneti nimeimwagia maji mwenyewe jioni ya Alhamisi. Haijalia. Nimeirudisha sensa ya mtikisiko kwenye usikivu wake wa awali, kwani niliipunguza bure, nikamjulisha jirani kuwa usiku huu nitakuwa macho nikiisikiliza. Kimebaki kuikagua kofia ya mpira ya swichi ya buti, ambayo ina umri sawa na ile iliyopasuka.