CNC yangu ya mezani, wiki ya 9: keekee imepiga pleti

Wiki hii nilipanga niwe nimemaliza breketi ya mota, sijamaliza. Jumamosi mashine (CNC, yaani inayokata kwa kufuata amri za kompyuta) imepiga, na imepiga kwelikweli, keekee ya milimita 5 imekatika vipande vitatu, koleti (kishikio cha kikatio) imeharibika, na pleti ya alumini niliyoihangaikia asubuhi nzima ina shimo pasipotakiwa shimo. Iliniuma sana. Nimetumia jioni mbili kufuatilia ilikuaje na nimepata jibu.

Nilikua nimemaliza kuchimba na endimili (kikatio cha kuchonga) ya milimita 6, nikaitoa, nikafunga keekee, nikabonyeza endelea. Ziro ya Z (kimo ambacho mashine inakihesabu kuwa sifuri, kwangu ni uso wa pleti) sikuichukua upya, basi, ndo kosa lenyewe. Mashine yangu inaendeshwa na GRBL (programu ndogo inayoongoza mota zake), yenyewe haina jedwali la kutunza urefu wa kila kikatio, kwahiyo kila ukibadilisha ni wewe unayeiambia ncha iko wapi. Keekee ilikua imechomoza milimita 31 zaidi ya ile endimili, programu ikasema nenda Z15, yaani milimita 15 juu ya pleti, kumbe kwa keekee ile Z15 ni milimita 16 NDANI ya pleti. Na ikashuka kwa rapidi, yaani ule mwendo wa kasi kabisa wa kusogea bila kukata.

Kidole changu kilikua kwenye kitufe cha kusimamisha muda wote. Haikusaidia, na nilipopiga hesabu nikaona ni kwa nini: rapidi yangu ni milimita 3000 kwa dakika, sawa na 50 kwa sekunde, hizo 16 zinaisha ndani ya theluthi ya sekunde hata hujashtuka. Ukiishusha mpaka asilimia 25 bado ni milimita 12 na nusu kila sekunde, na ukisimamisha mashine inapunguza mwendo kwanza ndo isimame. Tena limiti za programu ($20=1) nilikua nimeziwasha nikadhani niko salama, lakini zile zinajua mwisho wa reli tu, hazijui kama kuna pleti, jiriwa wala bolti katikati.

Madhara: nimeweka daili geji (kipimo cha kuyumba), koleti ile inayumba milimita 0.06, nikafunga nyingine ikasoma 0.01. Spindo (mhimili unaozungusha kikatio) imepona! Hilo ndo lilikua linanikosesha usingizi. Mota za stepa zilikua zimeruka hatua kwahiyo namba za kwenye skrini hazikua na maana tena, ikabidi homing upya (kuirudisha mashine kwenye pointi yake ya kuanzia) na ziro zote upya.

Sasa nilichobadilisha. Nimehariri posti (sehemu inayoandika amri za mashine) ya programu yangu ya CAM (inayogeuza mchoro kuwa amri hizo) ili baada ya kila badiliko la kikatio mstari wa kwanza uwe G0 Z50 (nenda Z50 kwa rapidi) halafu M0 (simama), na M3 (washa spindo) ije baada ya hapo, kwa sababu kwenye GRBL M0 inasimamisha mwendo tu, spindo iliyowashwa inaendelea kuzunguka na mi sitaki mkono wangu uwe pale. Ikishasimama nachukua kipande cha chuma nilichokikata milimita 50 kamili, nakipitisha kati ya ncha na pleti. Kikipita kwa kugusa kidogo naendelea, kikigoma au kikilegea sigusi kitu mpaka nijue sababu. Kipande kinaingizwa mashine ikiwa imesimama, hakiachwi pale kikiisubiri ishuke.

Hiyo 50 usiichukue tu hivihivi. Nimepima vikatio vyangu vyote, tofauti kati ya kirefu kabisa na kifupi kabisa ni 38, kwahiyo hata nikisahau ziro tena ncha bado itasimama juu ya pleti. Mwenye tofauti ya 55 hiyo 50 itamwangusha, yeye aweke 80.

Jumanne ikanilipa. Nilikua nimebadilisha sahani ya kugusia (ile ncha inayoigusa wakati wa kuchukua ziro, programu inatoa unene wake), ya zamani ilikua na unene wa 19.8, mpya ni 12, na kwenye programu nimeacha 19.8. Mashine ikasimama "Z50", kipande kikagoma kuingia kabisa. Nikapima, ncha iko 42.2 juu ya pleti. Milimita 7.8 zimepotea! Programu ile inashuka kwa rapidi mpaka Z2 kabla ya kuanza kukata, yaani ingeingia karibu milimita 6 kwenye chuma kwa kasi ileile. Nilikaa chini kidogo.

Mengine madogo: vibano na bolti zake sasa nazichora kwenye CAM, maana nati ya koleti nayo inagonga hata kama ncha iko salama. G21 (vipimo ni milimita) na G90 (vinahesabiwa kutoka ziro) ziko juu ya kila faili. Na kuanzia katikati ya programu nimeacha, narudi mwanzo wa opereshini hata kama itakata hewa dakika kumi.

Pleti mpya iko kwenye jiriwa, nimeshaipanga na daili. Kesho natoboa mashimo manne ya mota, nikimaliza nitapima umbali kati yao.