Gavana aliyewahi kusimama juu ya kaunta

Mtu aliyeipa Benki Kuu ya Marekani umbo ililonalo mpaka leo hakuwa na shahada ya uchumi. Hakuwa na shahada yoyote. Alisoma mpaka kiwango cha sekondari kwenye chuo cha kanisa lao la Mormoni mjini Logan, jimbo la Utah, akapelekwa Uskoti kuhubiri kama vijana wao wanavyofanya, kisha akarudi nyumbani kufanya biashara. Jina lake ni Marriner Eccles, aliyezaliwa mwaka 1890.

Nimemjua kupitia binti yangu anayesoma pale IFM, Chuo cha Usimamizi wa Fedha, Mtaa wa Shaaban Robert, Dar es Salaam. Siku moja aliacha dukani makaratasi yake ya somo la benki, nikawa nayasoma kati ya mteja na mteja. Nina fremu ya vitenge Kariakoo, na kwa miaka mingi sasa mimi ndiye mweka hazina wa kikoba chetu, kikundi cha kuweka na kukopeshana, kule Tandika. Niliposoma habari za Eccles nilijikuta namwelewa kuliko nilivyowahi kuwaelewa wachumi wanaozungumza kwenye redio, na tangu hapo nimekuwa namtafuta kila ninapopata nafasi.

Nianze na baba yake, kwa sababu bila baba hadithi haisimami. David Eccles alifika Marekani mwaka 1863 akitokea Uskoti, mtoto wa miaka 14, nauli ikiwa ni mkopo wa kanisa. Baba mzazi wa David alikuwa fundi wa kuchonga vyombo vya mbao, na macho yake yalikuwa yamekaribia kupofuka kabisa, hivyo watoto ndio waliotembeza vile vyombo mitaani. Kutoka hapo David akaja kuwa na viwanda vya mbao, reli, viwanda vya sukari na mabenki. Alikuwa na wake wawili. Marriner ni mtoto wa kwanza kati ya watoto tisa wa mke wa pili.

Mzee huyo hakuwalea watoto kwa kuwapa fedha mkononi. Marriner akiwa na miaka minane alipelekwa kufanya kazi kwenye kiwanda cha mbao cha familia kule Oregon, kwa senti 5 kwa saa. Akaweka, akaweka, mpaka akafikisha dola 100. Baba yake akamuuzia hisa moja ya kampuni ya mbao. Akamuuzia, hakumpa. Sisi tulio kwenye vikoba tunajua tofauti hiyo. Mtu aliyenunua hisa kwa fedha yake hulifuatilia daftari kwa jicho jingine kabisa, na aliyenunuliwa hisa na mumewe hata kikaoni huja akiwa amechelewa.

Desemba 1912 David akafariki bila kuacha wosia. Marriner alikuwa na miaka 22, na nyuma yake kuna mama mjane na wadogo wanane. Familia ya mke wa pili ikapata fungu dogo, kama sehemu mbili kati ya saba za mali yote. Kuna watakaosema basi huyu hakujitengeneza mwenyewe, amerithi. Mimi nimekaa Kariakoo nikaona urithi wa fremu kadhaa ukiisha hata mwaka haujatimia, ndugu wanagombana, mzigo unauzwa kwa hasara, fremu inachukuliwa na mwingine. Kupewa ni jambo moja, kukuza ni jingine. Mwaka 1916 Eccles aliunda kampuni ya uwekezaji ya familia, akaanza kununua benki moja baada ya nyingine kwenye miji midogo ya Utah na Idaho. Mwaka 1928 akaziunganisha chini ya kampuni moja, First Security Corporation, kwa ushirikiano na familia ya Browning. Alikuwa pia na mkono kwenye kampuni ya ujenzi ya Utah, mojawapo ya kampuni sita zilizojenga bwawa la Hoover.

Halafu ukaja Mdororo Mkuu, ule mporomoko mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930.

Kati ya mwaka 1930 na 1933 benki kama 9,000 zilianguka Marekani. Wakati huo hakukuwa na bima ya amana, yaani kinga ya fedha ulizoweka benki. Benki ikifunga, akiba yako ingeweza kwenda nayo. Kiangazi cha mwaka 1931, mjini Ogden, Eccles alipata habari kwamba Ogden State Bank, benki kubwa ya jirani, haitafungua tena milango. Alijua watu wakishaikuta imefungwa watavuka barabara na kuja kwake. Akawaita wafanyakazi wake mapema akawapanga.

Mpango wenyewe nimeusoma mara nyingi, kwa sababu ni mpango wa mtu anayeijua kaunta. Madirisha yote yafunguliwe. Kila mtu atabasamu, azungumze habari za hali ya hewa, asionyeshe hofu. Hakuna kumnyima mtu fedha yake. Ila mlipe polepole. Toeni noti ndogo ndogo, za dola tano na kumi, mzihesabu kwa makini. Mkague kadi ya saini ya kila mteja, hata kama ni jirani yako unayemjua tangu utotoni.

Watu wakajaa mpaka nje. Ilipokaribia saa ya kufunga, Eccles akaona kwamba akiwafungia mlango watu walio na hofu namna ile, kesho yake watakuwa mara mbili. Akaacha benki wazi. Muda huohuo likafika gari la fedha kutoka tawi la Benki Kuu mjini Salt Lake City, likipita katikati ya umati na mifuko ya noti. Eccles akapanda juu ya kaunta, akawaambia watu benki itaendelea kulipa mpaka kila anayetaka alipwe. Akamwita na ofisa aliyekuja na lile gari apande naye. Ofisa akawaambia watu kwamba fedha wameleta, na kule zilikotoka zipo nyingi zaidi. Maneno hayo yalikuwa kweli tupu. Kilichoachwa ni kwamba hizo nyingi zaidi hazikuwa zote za Eccles. Kesho yake akageuza mpango wote. Wakafungua mapema kuliko kawaida na kulipa harakaharaka, ili foleni isipate hata nafasi ya kuanza.

Katika mabenki yake yote hakuna lililofungwa, na hakuna mwenye amana aliyepoteza.

Niliposoma habari hiyo nilikumbuka Jumamosi moja kwenye kikoba chetu. Ilikuwa imesambaa kwenye kundi la WhatsApp kwamba mwenyekiti anauza kiwanja na kuhama mji. Alasiri tunakutana barazani kama kawaida, nakuta nyuso zimekunjamana. Mama mmoja akaniambia mbele ya wote, "Mweka hazina, mimi naomba changu leo leo." Wengine wakaanza kunong'ona. Sanduku letu lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, lakini ndani ya sanduku kuna nini katikati ya mwaka? Mfuko wa jamii na fedha kidogo ya marejesho. Nyingine yote iko nje. Iko kwenye masufuria ya mama lishe, kwenye bodaboda ya mtoto wa mwanachama, kwenye ada ya shule, kwenye mzigo wa mitumba. Hakuna aliyeiba hata shilingi, na bado kama wote wangetaka chao siku ile, kikoba kingekufa jioni hiyohiyo.

Tukafungua kufuli zote tatu mbele ya watu. Yule mama tukamlipa hisa zake pale pale, bila kumnunia, noti juu ya mkeka. Kisha katibu akasoma daftari la mikopo, jina kwa jina, na kila aliyekopa akasimama akataja mwenyewe anarejesha lini. Mwenyekiti akaeleza habari ya kiwanja, kwamba ni cha marehemu baba yao na ndugu wamekubaliana kugawana. Aliyekuwa ameinuka kumfuata yule mama akakaa. Tulivunja kikoba Desemba kama ilivyopangwa, na kila mtu akapata mgao wake.

Kwa hiyo ninaposema namwelewa Eccles, namaanisha jambo hili hasa. Amana ya watu haikai kabatini, imekwenda kufanya kazi, na kinachoishikilia ni imani. Lakini yeye alikwenda mbali zaidi yangu, na hapo ndipo ninapomheshimu.

Baada ya Ogden angeweza kujipongeza. Badala yake akajichunguza. Ili mabenki yake yasimame, ilibidi adai mikopo irudi, akatae mikopo mipya, auze hati fungani, yaani karatasi za mikopo ambazo benki imezinunua kwa serikali na makampuni. Kila benki makini ilifanya vivyo hivyo. Na kwa kufanya hivyo, mkulima akauziwa ng'ombe, bei zikazidi kushuka, kiwanda kikapunguza watu, mteja wa duka akapotea. Kila mmoja alikuwa anajiokoa kwa busara, na wote kwa pamoja walikuwa wanazama. Baba yake alimfundisha kwamba deni ni utumwa na akiba ni uhuru. Haba na haba hujaza kibaba, ndivyo na sisi tulivyolelewa, na kwa nyumba moja ni kweli kabisa. Eccles akafika mahali pa kusema kwamba kwa nchi nzima, wakati wa shida, ikiwa kila mtu anabana na serikali nayo inabana, hakuna atakayebaki wa kununua. Lazima mmoja mwenye mgongo mpana atumie, na mwenye mgongo huo ni serikali.

Fikiria mtu aliyelelewa vile, tajiri, mwenye mabenki, kutamka hivyo hadharani. Februari 1933, wakati karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne Marekani hakuwa na kazi, aliitwa mbele ya kamati ya fedha ya Seneti. Wakubwa wengine waliotangulia walikuwa wanasisitiza bajeti isawazishwe. Yeye akasema serikali itoe dola milioni 500 kwa majimbo kwa ajili ya wasio na kazi, igharamie miradi ya umma, iwasaidie wakulima na madeni ya mashamba, na iweke bima ya amana za benki. Kitabu kikubwa cha Keynes, mchumi Mwingereza aliyekuja kujulikana kwa mawazo kama hayo, kilikuwa bado miaka mitatu kutoka. Eccles hakuyatoa hayo kitabuni, aliyatoa kaunta.

Bima ya amana ilianza Januari 1934, mwanzoni ikilinda mpaka dola 2,500 kwa mtu. Na sisi Tanzania tunayo. Januari 2018 Benki Kuu yetu ilipofuta leseni za benki tano kwa mkupuo, pale sokoni watu waliulizana wiki nzima nani analipwa kiasi gani. Kinga ya Bodi ya Bima ya Amana wakati ule ilikuwa shilingi 1,500,000. Mwaka 2023 ilipandishwa mpaka 7,500,000. Nimewaeleza wenzangu wa kikoba tarakimu hizo, kwa sababu fedha iliyo kwenye sanduku la kufuli tatu haina bima yoyote, na wapo wanaodhani sanduku ni salama kuliko benki kwa kuwa tu wanaliona.

Mwaka 1934 Eccles akaitwa Washington, kwanza Wizara ya Fedha, ambako alisaidia kuandaa sheria ya mikopo ya nyumba. Rais Roosevelt alipomtaka aiongoze Benki Kuu, alijibu kwamba kazi hiyo haifai kuichukua kama benki yenyewe haibadilishwi, akaandika mabadiliko anayoyataka. Wakati huo nguvu kubwa ilikuwa New York, kwenye benki za binafsi. Sheria ya Benki ya mwaka 1935 ikaihamishia nguvu hiyo Bodi ya Magavana ya Washington, pamoja na kamati inayoamua ununuzi na uuzaji wa hati fungani. Seneta Carter Glass alimpinga kwa nguvu zote, na baadhi ya vipengele alivipunguza.

Hakuwa malaika. Kati ya Agosti 1936 na Mei 1937, chini yake, Benki Kuu iliongeza maradufu akiba ya lazima ambayo mabenki huweka, na uchumi uliokuwa unainuka ukaanguka tena. Wachumi bado wanabishana sehemu ya lawama ni yake kiasi gani. Mimi naona ni kubwa, maana huyu ndiye aliyeijua hofu ya benki kuliko wote waliokaa meza ile. Benki iliyowahi kukimbiliwa na wateja hupenda kuwa na akiba ya ziada, na ukiigusa hiyo inabana mikopo.

Mwaka 1948 Rais Truman hakumpa tena uenyekiti. Mtu mwingine angeondoka kwa hasira. Eccles akabaki kama mjumbe wa kawaida kwenye bodi aliyoiongoza. Wizara ya Fedha ilikuwa inataka Benki Kuu iendelee kushikilia riba ya hati fungani za serikali iwe chini, na bei za bidhaa zilikuwa zinapanda. Yuleyule aliyesema serikali itumie wakati wa shida sasa akasema wakati huu ibanwe. Januari 31, 1951 Truman aliita Ikulu kamati nzima ya hati fungani, kisha Ikulu ikatangaza kwamba Benki Kuu imekubali kuendelea kuishikilia riba. Eccles alikuwepo kwenye kikao na alijua hawakukubali. Akachukua kumbukumbu za kikao walizoandika wenyewe, akazitoa kwa magazeti. Machi 4 yakatangazwa makubaliano yaliyoiachia Benki Kuu uhuru wa kuamua riba, na Julai mwaka huo Eccles akaacha kazi akarudi Utah kwenye mabenki yake na kampuni ya ujenzi. Aliendelea na biashara karibu mpaka alipofariki Desemba 1977.