Mtoto akila udongo, uliza na risasi (ledi)

Kitinda mimba wangu alipofika miaka miwili alianza kula udongo, umuache uwani kidogo tu ukirudi mdomo umejaa mchanga, akitoka hapo yuko dirishani anabandua rangi anatafuna. Mavyaa wangu akasema ni minyoo, jirani akasema damu hana, na kweli kliniki HB, kile kipimo cha wingi wa damu, ilikua 8, tukapewa dawa ya kuongeza damu na ya minyoo tukarudi nyumbani. Hakuna aliyeniuliza mtoto anachezea wapi, na mimi sikujua kama hilo ni swali.

Nimekuja kulijua kwa sababu ya Owino Uhuru, hapa hapa Mombasa, pale palipokua na kiwanda cha kuyeyusha betri za gari wapate risasi, yale madini yenye sumu, ledi wengi tunavyosema. Phyllis Omido alikua ameajiriwa pale, mwanawe akaugua, akatafutwa malaria akatafutwa taifodi wapi, mwisho ndio ikaonekana ni risasi na imempata kwenye maziwa ya mamake. Kiwanda kilifungwa 2014, na Desemba 2024 ndio Mahakama ya Juu ikairudisha ile fidia ya shilingi bilioni 1.3 waliyopewa wakaazi 2020 kisha ikafutwa. Miaka yote hiyo, na watoto wanakua!

Sasa kilichoninyima usingizi ni hiki. Utumboni madini ya chuma, yale ya kutengeneza damu, na risasi zinapita mlango mmoja, kwa hivyo chuma kikipungua mwili unaufungua zaidi ule mlango ili udake hata kidogo kilichoko, basi risasi nayo inaingia. Ikishafika kwa damu inazuia hemoglobini kutengenezwa, damu inazidi kupungua, na mtoto asiye na damu ndio huyo huyo anayetamani udongo, anakula tena, anaongeza tena. Na watoto wadogo wanaweza kunyonya karibu nusu ya risasi wanayomeza, mtu mzima ni kama sehemu moja kwa kumi tu. Dalili zenyewe ni tumbo, kukosa choo, kulegea, nani hapo asingefikiria minyoo?

HB haikuonyeshi risasi, ni kipimo chake peke yake na lazima ukiombe. Nilirudi nikakiomba, ikabidi damu ipelekwe kwengine na pesa tukakopa, majibu mikrogramu 7 kwa desilita ya damu, na WHO, shirika la afya duniani, wanasema ikifika 5 tafuta inatoka wapi uiondoe. Kwetu tulianza na lile dirisha, maana rangi nayo yaweza kuwa na risasi, fundi akalilowesha kwanza ndio akakwangua maana vumbi lake likiwa kavu ndio baya, sisi na watoto tukalala kwa dadangu. Sakafu napiga deki kila siku, mikono kabla ya kula, chai ya rangi wakati wa chakula nimeikata kwa sababu inazuia chuma, anakula dagaa, maini, mchicha na ndimu juu.

HB sasa ni 11. Risasi tunapima tena mwezi ujao, na udongo jana alishika akanitazama akautupa.