Nilivyopata mgahawa wa kusherehekea ndoa yetu Istanbul bila kumsikiliza kijana wa mapokezi

Wanawake wenzangu hapa Majengo, Dodoma, wakisikia kwamba mimi na mume wangu tulisherehekea miaka 20 ya ndoa Istanbul, wananiuliza tulikula wapi, na kabla sijafungua mdomo wanajijibu wenyewe: juu ya paa, si ndio, pale panapoonekana bahari? Ushauri wa paa umenichosha. Nilipewa kabla ya safari na watu ambao hata supu hawajawahi kunywa kwenye hayo mapaa, wameyaona kwenye simu tu. Nitaeleza nilivyofanya mimi, maana nilipata, na nilipata vizuri.

Mimi nauza nguo za kike. Mzigo wangu nauchukua Laleli, mtaa wa nguo za jumla kule Istanbul, kwa hiyo Istanbul si mji mgeni kwangu, ila miaka yote nilikuwa nakula cha haraka, mkate na nyama mkononi, nikirudi dukani kuhesabu madazeni. Safari hii Baba Rama alipata likizo ofisini kwake kule Mtumba akasema anakuja na mimi. Tarehe ya ndoa yetu inaangukia Juni. Nikasema moyoni, huyu mtu amenivumilia na biashara hii tangu nikiwa natandaza mitumba chini, usiku ule simlishi cha haraka.

Sisi ni Warangi wa Kondoa, pombe haiko kwetu, na sikutaka usiku wa ndoa yangu tukae katikati ya chupa. Hapo ndipo nilipopewa ushauri mwingine wa ovyo: "Uturuki ni nchi ya Waislamu, kaa popote." Si popote. Nyama ni halali karibu kila mahali, lakini migahawa mingi ya mtaa wa Beyoğlu na ya kando ya maji inauza pombe waziwazi, na zile wanazoita meyhane kazi yake hasa ni raki, pombe yao kali, chakula kinaisindikiza tu. Sisemi ni pabaya kwa anayetaka. Nasema mtu akuambie ukweli uchague mwenyewe.

Shemeji yangu wa Dar yeye alikuja na habari za nyota za Michelin, zile wanazopewa migahawa iliyosifiwa kwenye mwongozo wao. Nilifuatilia, sikupuuza. Mwongozo wa Michelin uliingia Istanbul mwaka 2022 na kuna sehemu zilipata nyota. Lakini nyingi za hizo zinakuletea vijisahani vingi, kimoja baada ya kingine, kila kimoja na mvinyo wake, na unaweka nafasi mapema sana. Baba Rama anataka nyama aione. Nikaachana nazo.

Sasa niwaambie kuhusu kijana wa mapokezi. Hoteli tuliyofikia ilikuwa na kijana mcheshi kweli. Aliposikia ni sherehe ya ndoa akashika simu palepale: meza kwa rafiki yake chini ya Daraja la Galata, usawa wa maji, machweo, kianzio cha bure. Akaniandikia na saa. Nikamshukuru. Lakini mimi mzigo siulipii bila kuushika. Kesho yake mchana nikamwambia Baba Rama naenda kuangalia mashati, nikapanda tramu pale Laleli nikashuka Eminönü.

Daraja lile juu limejaa wavuvi wa ndoano, ndoo zao pembeni, na chini yake ni migahawa mfululizo, kila mlango una mtu wa kukuvuta. Niliupata ule wa rafiki yake. Nikavutiwa kiti, nikaagiza chai na menyu. Kila kitu kilikuwa na bei isipokuwa samaki. Kwa samaki waliandika kwamba bei ni kwa uzito, basi. Nikamuuliza mhudumu, kilo ni kiasi gani? Akasema, dada usijali, bei nzuri. Dada usijali! Mtu akiniambia usijali kuhusu bei, hapohapo ndipo naanza kujali.

Nikamwomba anionyeshe samaki wa kutosha watu wawili. Akaleta sinia na samaki mmoja juu ya barafu, macho yanang'aa, samaki mbichi kweli, hilo sitamnyima. Nikasema sasa mpime mbele yangu. Akacheka, akadhani natania. Nikabaki nimekaa. Akaenda, nikamfuata mpaka kwenye mizani. Yule samaki alipimwa na kichwa na matumbo yake yote, akapita kilo. Ndipo nikatajiwa bei ya kilo, nikapiga hesabu kwenye simu. Kurudi mezani nikakuta sahani tatu ndogo za vianzio ambazo sikuagiza: biringanya, mtindi na majani, na kitu cha pilipili. Nikauliza moja moja, hii inalipiwa? Inalipiwa. Na hii? Inalipiwa. Kianzio cha bure kilikuwa kipi basi? Akaonyesha mkate. Mkate katika migahawa mingi ya Istanbul ni wa bure hata kama hujui jina la mwenye mgahawa!

Nikageuza menyu. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, kulikuwa na pesa ya kukalia meza na asilimia ya huduma. Nikatoa daftari langu la mzigo nikaandika vyote: samaki, sahani, maji ya chupa, meza, huduma. Jumla ilikuwa bei ya mbuzi wawili wazima wa mnada wa Msalato, na tamu bado. Meza ya jirani saa saba mchana ilikuwa na chupa tayari. Nikalipia chai yangu nikaondoka. Jioni nikamwambia kijana wa mapokezi afute ile nafasi, akaniuliza kwa nini, nikamwambia mume wangu hapendi miba. Akauliza tena. Hapo nikajua kwamba na yeye alikuwa na chake mle.

Jioni hiyo nilikuwa na hasira, lakini ndiyo iliyonipa akili. Niliona kwamba ukimuuliza mwenyeji "mgahawa mzuri uko wapi?" anakutajia mgahawa wa wageni, kwa sababu wewe ni mgeni. Hata asiye na posho atakutajia huohuo, tena kwa nia njema. Swali lenyewe ndilo bovu.

Pale kargo ninapopitishia mzigo kuna baba mmoja anayepaki marobota. Anakanyaga nguo mpaka zinakuwa jiwe, anazungusha plastiki, anazungusha gundi, anaandika jina lako kwa peni nene. Tunajuana miaka. Nilimwandikia kwenye simu, ikatafsiri Kituruki: "Mwanao alipoposa, familia mlikwenda kula wapi?" Alisimama na roli la gundi mkononi. Akacheka. Akamwita mwenzake, wakabishana kwa sauti, mwenzake akamwita wa tatu kutoka ghorofani. Nilikaa kwenye robota langu nikiwatazama wazee wale wanavyogombana kwa ajili ya chakula changu, nikajua hapa nimefika. Mwisho akachana kipande cha boksi akaniandikia kwa peni ileile majina mawili ya migahawa, na juu yake: Kadınlar Pazarı. Wao asili yao ni Siirt, kusini-mashariki ya Uturuki. Akagonga neno moja la mwisho kwa kidole: perde pilavı. Akaniambia kule kwao huo ni wali wa harusi.

Kadınlar Pazarı iko Fatih, karibu na lile daraja la maji la Warumi la karne ya 4, matao makubwa yanayokatiza barabara. Kutoka Laleli ni kwa miguu. Ni soko: asali na masega yake, jibini, pilipili kavu zimetungwa kama shanga, na mabucha yenye kondoo wazima. Watu wa Siirt wamejaa, na migahawa yao ndiyo hiyo imepanga pembeni. Nilikwenda mchana, peke yangu, nikaingia wa kwanza kwenye orodha nikaagiza supu ya dengu tu. Supu ndogo inakupa haki ya kukaa na kuangalia. Niliangalia choo kwanza, kilikuwa kikavu na kina sabuni. Niliangalia waliokaa: bibi na wajukuu, mafundi, mama mjamzito na mumewe. Hakukuwa na chupa ya pombe popote. Bei zilikuwa zimebandikwa mlangoni, kila sahani na yake.

Halafu nikaomba kuona nyama. Wana shimo, refu kwenda chini. Kondoo anatundikwa mle juu ya makaa, mdomo wa shimo unafunikwa na kuzibwa, anaiva kwa mvuke na mafuta yake mwenyewe kwa saa kadhaa. Wanaita büryan. Wakimtoa wanamtundika kwenye kulabu, mpishi anakata kwa kisu kizito, anapanga juu ya mkate bapa, na mkate unakunywa mafuta yale. Nikauliza, jioni ipo? Hapo ndipo mtu asiyekwenda kuchungulia anapoumia: nyama ile watu wanaianza asubuhi, jioni unaweza kukuta imekwisha. Na ule wali nao ni bora uagize mapema.

Nikamwonyesha mpishi simu: kesho, watu wawili, miaka 20 ya ndoa, tutunziwe mbavu na wali. Akamwita mzee mwenye mgahawa. Mzee akasoma, akaweka mkono kifuani, akanipeleka juu kwenye ukumbi wa familia akanionyesha meza ya dirishani. Saa niliandika kwa tarakimu, 18:30, sikuitamka. Uturuki na Tanzania saa zetu ni sawa, lakini wewe ukisema kumi na mbili na nusu kwa mdomo, kwa kizungu chochote, utakuta meza imetunzwa kwa mchana. Juni kule jua linazama saa mbili na nusu na kidogo usiku, kwa hiyo unakula kukiwa kweupe na Magharibi inakukuta umeshiba. Anayetaka mishumaa kwenye giza aende Desemba.

Baba Rama nilimwambia tu avae lile koti lake jeusi. Tulipita kwa miguu kando ya msikiti wa Şehzade, aliojenga Mimar Sinan ukakamilika 1548, na mle njiani bado alikuwa akiniuliza samaki gani tunakwenda kula, maana ile simu ya kijana wa mapokezi aliisikia.

Wali ulikuja umefunikwa. Ni kama kofia ndogo ya unga uliookwa, rangi ya dhahabu, na lozi zimegandishwa kwa nje. Mzee mwenyewe ndiye aliyeukata, mvuke ukatoka, ndani wali na kuku aliyechambuliwa, lozi, na zabibu kavu ndogo nyeusi. Akatueleza kwa ishara na kwa simu yake kwamba ule ukoko ni nyumba, inaficha siri za waliomo. Baba Rama akaokota zabibu moja, akaitazama kwenye mwanga. "Mama Rama, hizi wamezitoa Hombolo?" Mtoto wa Dodoma na zabibu zake! Halafu ikaja nyama. Huyu mume wangu nyumbani kondoo hagusi, anasema ana harufu, ni mbuzi tu. Alikula mbavu zile mpaka mkate wa chini, akaagiza nusu sahani nyingine, ndipo nikamwambia ni kondoo. Akasema, "Basi miaka yote sikuwahi kula kondoo." Nilifurahi mpaka machozi yakanilengalenga, siwafichi.

Baada ya hapo mzee alituletea chai na tamu ambavyo havikuwa kwenye bili. Bili yenyewe haikufika nusu ya ile hesabu ya daftari langu, na tulikula mpaka tukafungiwa mabaki. Nilipolipa kwa kadi mashine iliuliza nilipe kwa lira au kwa dola. Chagua lira siku zote, ukichagua nyingine unapigwa kwenye ubadilishaji. Bakshishi niliacha taslimu, kama sehemu moja ya kumi hivi, ndivyo wengi wanavyofanya kule.

Kuna dada ameniambia kwamba bei alizoziona mtandaoni ni ndogo zaidi ya nilizomtajia. Dada yangu, lira inashuka na menyu zinachapwa upya kila mara. Picha ya menyu ya mwaka jana haikusaidii kitu. Soma maoni ya Waturuki wenyewe, uyatafsiri, tena ya karibuni, na uanze na ya waliolalamika. Wakilalamikia foleni, nenda. Wakilalamikia bili, kaa mbali. Na hata wakisifia, tangulia mchana ukanywe supu.

Kile kipande cha boksi ninacho dukani, nimekibandika pembeni ya kioo cha kujaribia nguo. Yule mzee wa kargo alisema jina la pili nalo ni la uhakika, hasa kwa mwenye watoto, lakini mimi sijala hapo kwa hiyo silisemei. Anayekwenda kuchukua mzigo aje apige picha.