Siku moja mezani kwa wakala wa magazeti, Mbeya

Saa 11 alfajiri. Simu ya kwanza ni ya dereva: "Kitonga umeshapandisha?" Mwananchi, Nipashe, HabariLeo, Mwanaspoti, yote huchapwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa. Lori likikwama kwenye zile kona za Mlima Kitonga, Iringa, foleni hula saa tatu nne, na wateja wa asubuhi wamekwenda.

Saa 1. Redio zinapitia magazeti. Juni 2017 aliyekuwa Waziri wa Habari, Dk. Harrison Mwakyembe, aliagiza redio na runinga ziishie kwenye vichwa vya habari, zisisome za ndani. Naliunga mkono agizo lile kwa moyo wote: aliyesikia kichwa huja kuulizia gazeti, aliyesomewa yote haji.

Saa 3. Mzigo umefika. Hesabu mbele ya dereva, kumi kumi, ukilinganisha na hati ya mzigo. Pungufu iandikwe palepale naye asaini. Gari likiondoka, deni ni lako. Nakala za juu na za chini hukatwa na kamba, zitenge. Wakati wa mvua kila fungu liingie kwenye nailoni kabla halijatoka barazani, kwani gazeti likilowa kurasa hushikana na halinunuliki.

Kisha mgao. Ya maofisini hutangulia, kwa daftari la saini, maana hulipwa mwisho wa mwezi na bila saini hulipwi. Ya Tukuyu na Kyela hupakiwa kwenye Coaster. Muuzaji wa Kabwe au Mwanjelwa apewe 15, akimaliza aongezewe. Ukimpa 40 kwa mkupuo, jioni anakurudishia yaliyokunjika. Kesho yake ya mechi ya Simba na Yanga, Mwanaspoti iwe mara mbili.

Saa 8. Mauzo yamelala.

Saa 10. Sasa wanaokimbizana na saa ni waandishi wa mkoani. Toleo la mikoani hufungwa mapema ili liwahi barabara, kwa hiyo ajali ya saa 2 usiku kwenye mteremko wa Iwambi, hapa hapa Mbeya, husomwa gazetini keshokutwa, simu za watu zimeshaimaliza. Inauma, maana mwandishi ndiye aliyekwenda hospitali na polisi kuhakiki majina na idadi.

Saa 11 jioni. Marejesho, yaani nakala zisizouzwa, yahesabiwe kwa jina la gazeti, si kwa jumla. Lililobaki siku tatu mfululizo lipunguzwe, na agizo la kesho lifike Dar kabla mtambo haujawashwa.