Baada ya siku 84

Jumapili, Mbagala

Leo kwenye kikao cha kikundi tumebishana, na nimerudi nyumbani maneno bado yamejaa mdomoni. Ajenda yenyewe ilikuwa ndogo: mfuko wa jamii una salio, tulitumie wapi kabla hatujavunja kikundi na kugawana akiba mwisho wa mwaka. Wengi walitaka tushone majoho ya mahafali kwa watoto wa chekechea ya mtaani. Mimi ni fundi cherehani, tenda ile ingekuja kwangu bila shaka, lakini nikasema hela ziende kwa Bibi, tumlipie msaidizi. Watu kimya. Mhazini akauliza, "Kwani Bibi ana shule?"

Hana. Ana sebule moja na kiua chenye busati. Bibi ndilo jina wanalomwita watoto, na mimi naliacha hivyo hivyo. Anapokea wachanga, wanaotambaa na wanaoanza kusimama dede, watoto wa akina mama wanaowahi samaki Ferry au mboga Temeke Stereo wakati wengine bado tumelala. Mtoto anafika kafungwa kwenye kanga, usingizi haujamwisha. Mama anaacha chupa ya uji na shilingi elfu moja, anaondoka mbio. Siku ambayo biashara imelala ile elfu haipo, na sijawahi kusikia Bibi amemrudisha mtoto mlangoni kwa sababu hiyo.

Mwanamke aliyeajiriwa ana likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, 100 akijifungua mapacha. Ndivyo sheria inavyosema. Mama lishe hana hata moja. Kwake likizo ni zile siku ambazo shoga yake amekubali kumshikia meza. Ukija upande wa pili, serikali inamsubiri mtoto darasa la awali akikaribia miaka mitano, bila ada tangu Januari 2016, na hilo ni jambo kubwa, silibezi. Lakini kati ya hapa na pale kuna miaka minne na ushee. Mtoto anakuwa wapi? Anakuwa kwa Bibi. Au kwa dada yake wa miaka tisa ambaye kwa ajili hiyo leo hajaenda shule. Au amefungiwa ndani, na jirani ameombwa "amsikilizie".

Na ndiyo miaka ambayo kliniki wanatuimbia kila siku: siku 1,000, tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili, ubongo unajengwa kwa kasi ambayo hairudi tena. Tumeisikia sana hadi imekuwa kama tangazo la redio. Hatujiulizi tu siku hizo 1,000 mtoto anazimaliza mikononi mwa nani.

Jioni hii nimekuwa nikiifikiria Iringa. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake, kwa watoto wa chini ya miaka mitano nchini umeshuka hadi asilimia 30, kutoka 42 mwaka 2010. Hongera yetu. Lakini mkoa ulioongoza kwa udumavu ni Iringa, asilimia karibu 57, na Njombe haikuwa mbali nyuma yake. Iringa! Mahindi na viazi vinapotoka kuja kutulisha sisi huku. Kwa hiyo jibu si gunia peke yake. Mama yuko shambani toka asubuhi, mtoto kabaki na mwenzake mdogo, anapewa uji mwepesi uliopoa, mara moja au mbili, na hakuna mtu mzima wa kukaa naye ambembeleze kijiko kwa kijiko hadi ashibe. Sababu nyingine zipo, maji, choo, maradhi ya kuhara, mimba za utotoni. Lakini hilo la mtu wa kukaa naye ndilo linaloachwa mwishoni mwa orodha kila mara.

Wiki iliyopita nilikaa kwa Bibi nikisubiri mvua ikatike. Alikuwa anamnawisha mtoto mmoja wa mwaka na nusu hivi, mkimya, ambaye mama yake ana wasiwasi kwamba hasemi. Bibi kamshika mkono mmoja kwenye beseni: "Tunanawa mkono. Huu umekwisha. Wa pili uko wapi?" Mtoto akauficha mgongoni. Bibi akaanza kuutafuta, chini ya beseni, ndani ya kikombe, kwenye kilemba chake mwenyewe. "Jamani umeibiwa?" Mtoto akacheka hadi kwikwi, akautoa, akauficha tena. Wakarudia mchezo huo mpaka maji yakawa meusi kabisa. Kunawa tu kulichukua muda ambao mimi ningekuwa nimeshona mfuko wa suruali.

Wataalamu wanaliita hilo malezi yenye mwitikio: mtoto anaanzisha, mkubwa anamjibu. Lipo kwenye mpango wa taifa uliozinduliwa Desemba 2021, ule wa malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, pamoja na afya, lishe, ujifunzaji wa awali na ulinzi na usalama. Bibi hajawahi kuusikia mpango huo.

Na si mchezo wa kupoteza muda. Kule Kingston, Jamaika, mwaka 1986 watafiti walichukua watoto 129 waliodumaa. Baadhi yao walitembelewa nyumbani na wahudumu wa afya wa kawaida, saa moja kwa wiki kwa miaka miwili. Mhudumu alikuja na midoli ya kujitengenezea, akamwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mwanawe, akaondoka. Basi. Miaka 20 baadaye wakawatafuta wale watoto, sasa watu wazima wanaofanya kazi: waliotembelewa walikuwa wanapata kipato kikubwa kwa robo nzima kuliko wenzao ambao hawakutembelewa. Hakuna jengo lililojengwa pale wala joho lililoshonwa.

Hayo majoho yananikera, nikiri tu. Mtoto wa miaka minne anasimamishwa juani na kofia pembe nne, mzazi amekopa kulipa picha. Na kabla ya hapo ameshakaa kwenye benchi mwaka mzima akinakili irabu, na mikono yake hata kushika kijiko sawasawa bado. Ukisema, unaambiwa samaki mkunje angali mbichi. Sawa, lakini huyu hakunjwi, anakaushwa. Kuna watu walimtembelea Bibi mwaka jana, wema kabisa, na zawadi: katoni ya madaftari na penseli. Watoto wa kule wengine hawana meno. Walipiga picha, wakaondoka. Bibi aliyagawa madaftari kwa wanafunzi wa jirani, na katoni ndiyo imekuwa kitu kinachopendwa kuliko vyote pale uani. Wanaingia, wanatoka, wanaisukuma kama daladala.

Sitaki lakini kumfanya Bibi malaika. Watoto wakifika tisa, kumi, na yeye ni mmoja, na jiko la mkaa liko palepale uani, na ndoo ya maji haina kifuniko. Nimemwona akisinzia saa nane mchana kwa uchovu. Unga wa uji bado anausaga nafaka na karanga pamoja, ukikaa wiki unachacha, na karanga zenye ukungu zinaweza kuwa na sumukuvu, sumu inayoletwa na ukungu huo. Nesi amemwambia asage nafaka mbali na karanga mbali, amejibu kwamba mashine inalipisha kila mara unapomwaga. Ana hoja. Afisa ustawi wa jamii akipita leo akafuata kanuni, huenda atapafunga, na hatakuwa amekosea. Ila kesho asubuhi samaki watauzwa kama kawaida na wale watoto watakuwa mahali pengine, pabaya zaidi. Mimi ningependa aje na mafunzo na muda wa kurekebisha, ile kufuli aiache ofisini.

Ndiyo maana nimesema msaidizi. Kuna binti wa mtaa wa pili, amemaliza kidato cha nne, yuko nyumbani tu, anapenda watoto. Akiwepo, jiko linakuwa na mtu na busati linakuwa na mtu. Nimepiga hesabu: hela ya majoho inamlipa posho ya miezi mitatu, ndoo yenye kifuniko ikiwemo, na kwa mashine tunaongeza kidogo. Baada ya hapo kila mwanachama mwenye mtoto pale aongeze mia mbili kwa siku. Mhazini atauliza mwezi wa nne utalipwa na nani kama akina mama wataleta ile elfu kwa kusuasua, na swali hilo sina jibu lake zuri. Kikao kingine ni Jumapili ijayo. Kabla ya hapo nampeleka mhazini kwa Bibi, alfajiri, ile saa watoto wanapokabidhiwa. Amekubali kwa shingo upande, kwa sharti nimshonee gauni lake kwanza.